Namna ya kupima taroti ya toleo dogo kabla ya kutoa dola zako

Mimi ni mchapaji, hapa Kamalondo, Lubumbashi. Mialiko ya ndoa, kalenda za kanisa, vitabu vya risiti: hizo ndizo kazi zinazonilisha. Taroti, yaani karata zenye picha ambazo wengine huzitumia kubashiri, niliifahamu kupitia binamu yangu wa Liège, aliyeniletea seti moja akijua kwamba napenda karatasi nzuri. Tangu hapo nimekusanya seti kumi na tisa, nimeuza nne, na moja ilinitia hasara nitakayoieleza huko mbele. Ninazozitafuta ni za toleo dogo, yaani zilizochapwa kwa idadi ndogo tu, na swali ninaloulizwa kila mara ni hili: inakuwaje seti moja iuzwe dola ishirini, na nyingine yenye picha zilezile iuzwe mia nne?

Kwa jinsi ninavyoona mimi, mkusanyaji analipia kile ambacho mashine haiwezi kukirudia. Picha hata kesho itachapwa tena. Lakini mkono wa msanii, chapa ya kwanza, boksi lililotunzwa pamoja na kila kilichokuwa ndani yake, hivyo vikipotea vimepotea. Hatua zifuatazo ndizo ninazopitia mwenyewe seti inapowekwa mezani kwangu.

Hatua ya 1: Jua ni taroti ya aina gani

Taroti kamili ina karata 78. Kati yake 22 ni karata kuu, na 56 zilizobaki ni za makundi manne ya karata 14 kila moja: vikombe, panga, fimbo na sarafu. Ilianzia kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, ikiwa mchezo wa karata wa watu wa majumba makubwa. Kubashiri kulikuja baadaye sana. Mwaka 1781 msomi Court de Gébelin aliandika huko Ufaransa kwamba karata hizi zilitoka Misri ya kale, bila ushahidi wowote, na kufikia 1789 mbashiri Etteilla alikuwa ametoa seti iliyotengenezwa mahsusi kwa ubashiri.

Historia hiyo nimeihitaji nyumbani kabla ya kuihitaji sokoni. Mama mdogo alipozikuta karata zimetandazwa kitandani aliniuliza, «Hii njo nini, mwana yangu? Njo bulozi?» Bulozi kwetu ni uchawi. Sikumcheka. Nilimketisha, nikamwonyesha jina la mchapaji kwenye boksi, nikamweleza kuwa miaka zaidi ya mia tatu watu walizicheza kama yeye na baba walivyokuwa wanacheza karata jioni. Akashika moja, akasema rangi yake ni nzuri kuliko ya vitenge vya siku hizi. Kama unaishi na watu wa kusali sana, fanya mazungumzo hayo mapema, kwa heshima, wala usifiche karata chini ya godoro. Kitu kilichofichwa ndicho kinachochomwa moto.

Angalizo moja la haraka. Kwetu kunakozungumzwa Kifaransa, mtu akikwambia ana «taroti ya zamani» mara nyingi ana ile ya kuchezea, yenye karata 21 za turufu zilizochorwa juu na chini, zenye picha za watu wakiwa kazini na matembezini. Nayo ina karata 78. Ni mchezo mzuri, lakini imechapwa kwa wingi mno, na mkusanyaji hatailipia kama toleo dogo.

Hatua ya 2: Uliza ni chapa ya ngapi

Mfano ambao kila mkusanyaji anaujua ni taroti ya Waite, mwandishi aliyeibuni, iliyochapishwa London na kampuni ya William Rider mwaka 1909. Aliyeichora ni Pamela Colman Smith. Mwezi Novemba mwaka ule alimwandikia mpiga picha Alfred Stieglitz kwamba amemaliza kazi kubwa kwa fedha kidogo sana, na michoro yake ya asili haijulikani ilipo hadi leo. Herufi zake za sahihi, zilizosokotwa pamoja, zimo kwenye picha za karata. Zitafute chini, karibu na kona.

Karata zile zimechapwa na kuchapwa tena kwa zaidi ya miaka mia moja. Chapa ya mwanzo kabisa, ya Desemba 1909, ilikuwa na mawaridi na mayungiyungi mgongoni. Zilizoifuata zina mgongo wa mistari kama nyufa za udongo uliokauka. Wakusanyaji wamezigawa chapa za zamani kwa herufi, Pam A, B, C na D, kwa kulinganisha mistari midogo ya picha na mgongo wa karata. Mbele, kwa macho ya mgeni, ni Jua lilelile na Mwezi uleule. Tofauti ya bei inatoka kwenye mgongo na kwenye mistari hiyo. Kwa hiyo mtu akikutumia picha za kuuza, mwombe kwanza picha ya mgongo. Asiyejua kwa nini umeiomba huenda hajui anauza nini.

Kwa seti za siku hizi jambo ni lilelile. Wasanii wengi huanza wenyewe, kwa kuchangisha fedha intanetini kupitia mahali kama Kickstarter, na kuchapa mamia au maelfu machache. Seti ikipendwa, mchapishaji mkubwa anaichukua. The Wild Unknown ya Kim Krans ilitoka hivyo mwaka 2012, ikiwa kazi aliyoichapisha mwenyewe, kabla ya kuingia kwenye maduka makubwa ya vitabu. Anayetafuta ile ya mwanzo anaangalia boksi, mgongo na jina la mchapishaji. Picha hazimsaidii sana. Taroti ya mchoraji Salvador Dalí nayo ilitoka 1984 kama toleo la sanaa lenye idadi maalumu, kisha mwaka 2019 Taschen wakaitoa upya kwa watu wote. Ukiipata, soma jina la mchapishaji kabla hujatetemeka kwa furaha.

Hatua ya 3: Hesabu kila kitu, hata kilichoonekana takataka

Usihesabu 78 kwa mkupuo. Tandaza 22 kwa namba zake, kisha makundi manne, kila moja kwenye mstari wake, kuanzia moja hadi Mfalme. Pengo litajionyesha lenyewe. Karata moja ikikosekana kwenye seti ya kisasa, thamani yake kwa mkusanyaji imeanguka karibu yote. Ni zile za zamani sana tu zinazosamehewa: seti maarufu ya Visconti-Sforza ya karne ya 15 imebaki na karata 74, zikiwa zimegawanyika kati ya New York na Bergamo, na hakuna anayejua karata za Ibilisi na Mnara zilikwenda wapi, wala kama ziliwahi kuwepo.

Kisha hesabu vilivyo nje ya 78: karata ya jina, karata za ziada ambazo msanii alitoa kwa waliochangia peke yao, kijitabu, mfuko wa kitambaa, cheti, boksi la ndani, boksi la nje. Andika orodha hiyo kutoka kwenye tangazo la kwanza la msanii, si kutoka kwa maneno ya muuzaji.

Boksi la nje limeniuma mimi mwenyewe. Niliagiza seti ya nakala 300, ikafika Liège salama, na binamu yangu akaiweka kwenye sanduku la safari. Uwanja wa ndege wa Luano nikamsubiri kwa saa tatu. Aliponikabidhi, karata zilikuwa zimefungwa vizuri kwenye soksi mpya, na kijitabu kipo. Nikauliza boksi. «Yaya, lile kartoni lilikuwa linakula kilo, nimelitupa.» Lilikuwa boksi gumu lenye kifuniko cha sumaku, limefunikwa kitambaa cha kijani, na namba ya nakala ilikuwa imeandikwa kwa mkono ndani ya kifuniko. Karata bado ninazo na ninazipenda, lakini hakuna atakayeamini kuwa ni za nakala 300. Tangu siku ile, anayeniletea mzigo namtumia ujumbe mmoja mfupi: leta hata karatasi ya kufungia.

Hatua ya 4: Soma namba kama mchapaji

Namba kama 45/500 maana yake ni nakala ya 45 kati ya 500. Herufi É.A. ni nakala za msanii, zilizo nje ya hesabu hiyo. Ni chache, na wengi huzilipia zaidi.

Watu hupigania namba ndogo, na mimi nadhani hapo fedha nyingi zinapotea bure. Desturi hiyo ilitoka kwenye michoro iliyochongwa kwenye bamba la shaba: kila ukikandamiza karatasi, mistari ya bamba inalika kidogo, kwa hiyo nakala za mwanzo zilikuwa kali kuliko za mwisho. Karata za leo huchapwa kwa ofseti, njia ya mashine ambayo bamba haligusi karatasi. Nakala ya 3 na ya 490 zimetoka kwenye karatasi kubwa za siku ileile, na hata kama ningezichapa mimi, nisingeweza kukutofautishia. Lipia jumla ya nakala: 100 ni adimu, 500 ni za kuheshimika, na mtu akiita nakala 5000 toleo dogo, cheka naye kisha uondoke.

Kinachostahili kulipiwa ni mkono. Chukua kioo cha kukuzia, uangalie namba na sahihi. Wino wa kalamu una mwanzo na mwisho, unakuwa mzito pale mkono uliposita, na ukiinamisha karata kwenye mwanga utaona mfereji mdogo pale ncha ilipokandamiza. Sahihi iliyochapwa ni bapa, imejengwa na vinukta. Sisi watu wa Lubumbashi hili lisitushinde. Bela, mmoja wa wachoraji wa Hangar, shule ya uchoraji ambayo Pierre Romain-Desfossés aliianzisha hapa mwaka 1946, alipaka rangi kwa vidole vyake. Ukikaribia mchoro wake unaona alama ya kila kidole. Bango la mchoro huohuo ni zuri ukutani, lakini kidole hakimo.

Wapo pia watengenezaji ambao wameujenga mkono huo ndani ya kazi nzima. Il Meneghello ya Milano, ya Osvaldo Menegazzi, ilijulikana kwa seti za idadi ndogo zilizotiwa namba na kufungwa kwa muhuri wa nta. Muhuri ukiwa mzima, usiubandue kwa kidole cha udadisi.

Hatua ya 5: Shika karatasi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote.

Karatasi ya ofisini ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Taroti nyingi nzuri ziko kati ya 300 na 400. Uzito peke yake haukwambii yote, maana kadibodi ya boksi la viatu nayo ni nzito. Pinda karata polepole kwa vidole viwili, kama unavyopima wembe, kisha iachie. Karatasi ya karata inarudi ilivyokuwa, kwa mlio mdogo. Kadibodi ya kawaida inabaki na uvivu, imepinda kidogo. Usijaribu hivyo kwenye karata ya mtu bila ruhusa, wala kwenye karata ya mwaka 1909.

Kisha inua karata mbele ya taa. Karatasi halisi ya karata hutengenezwa kwa tabaka mbili zilizogandishwa kwa gundi nyeusi au ya bluu, ili mwanga usipenye na mwenzako mezani asione ulichoshika. Si kila taroti hutumia karatasi hiyo, lakini kama tangazo lilisema ina tabaka jeusi na wewe unaona kivuli cha picha ya upande wa pili, muulize muuzaji maswali.

Kingo za dhahabu zinataka subira. Dhahabu nzuri hubandikwa kwa joto juu ya kingo za karata zote zikiwa zimebanwa pamoja, kwa hiyo seti mpya hushikana kama kurasa za Biblia mpya. Usizichanganye kwa nguvu siku ya kwanza. Zitenganishe moja moja kwa ukucha, ukianzia pembeni, ama dhahabu itamenyeka na kuacha meno meupe. Iliyopuliziwa rangi tu haishikani hivyo, na hubaki kwenye vidole vya jasho. Sugua kona moja kwa kitambaa cheupe kikavu, kitambaa kitasema.

Hatua ya 6: Kamata ya bandia kabla haijakukamata

Sasa ile hasara yangu. Nililipa dola sabini kwa muuzaji mmoja wa intaneti kwa seti iliyoandikwa kuwa nakala ya 117 kati ya 500. Ilifika kwa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndani ya mzigo wa nguo. Boksi lilikuwa dogo kuliko vipimo alivyotangaza msanii. Ndani hamkuwa na kijitabu. Palikuwa na kikaratasi chenye msimbo wa kuskani kwa simu ili usome maelezo. Hiyo peke yake ingenitosha, kwa sababu wanaoghushi taroti hupenda sana njia hiyo ili wasichape kitabu.

Nilikwenda na kioo changu kwenye jina la karata, lililoandikwa kwa herufi nyeusi chini ya picha. Kwenye kazi halali, herufi nyeusi huchapwa kwa wino mweusi mmoja, na kingo zake ni kali. Hapa kila herufi ilikuwa na vinukta vya bluu, vya waridi na vya njano pembeni yake. Maana yake mtu alichukua karata ya kweli, akaiskani, akachapa picha ya maandishi badala ya maandishi yenyewe. Dhahabu ya pembeni ilikuwa rangi ya njano iliyokolezwa. Nikamwandikia mkusanyaji mwenzangu wa Kigali aliyenunua seti hiyohiyo. Namba yake ilikuwa 117.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba picha nne: mgongo, kingo, sahihi kwa karibu, na karata moja utakayoichagua wewe ikiwa juu ya karatasi yenye tarehe ya leo. Muuzaji mwaminifu hachukii. Na bei ikiwa theluthi ya ile ambayo wengine wanauza, acha ipite.

Hatua ya 7: Angalia bei iliyolipwa

Bei inayotakiwa ni ndoto ya muuzaji. Tafuta mauzo yaliyokwisha fanyika, angalau matatu, na ulinganishe hali: iliyofungwa bado kwenye plastiki, iliyofunguliwa bila kuchanganywa, iliyotumika. Kona nyeupe, mikunjo na madoa ya mafuta hupunguza sana. Harufu ya sigara au ya kuvu hupunguza kuliko watu wanavyodhani. Chunguza pia kama msanii ametangaza kuchapa tena. Wengine huahidi kwamba mgongo ule au kingo zile hazitarudi, ingawa picha zitarudi, na ahadi ya namna hiyo huilinda seti yako. Seti isiyo na ahadi yoyote, inunue kwa sababu unaipenda.

Hatua ya 8: Iokoe na hali ya hewa yetu

Kuanzia Novemba mvua zinapoingia, karata hunywa unyevu na kujikunja kama jani. Kuanzia Mei hewa inakauka, zinajikunja upande mwingine, na vumbi jekundu linaingia kila mahali. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakotenganisha tabaka.

Zihifadhi ndani ya boksi lake, boksi ndani ya chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vidogo vya chembechembe zinazokausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Omba kwa wauza viatu, wanavitupa. Mchele usiweke, utaleta wadudu. Raba ya kufungia usitumie, inakula kingo na ikizeeka inaganda. Chombo kikae rafu ya katikati, ukuta wa ndani: chini kuna mchwa, juu karibu na mabati kuna joto. Karata zikiwa zimejikunja, ziweke chini ya kitabu kizito juu ya meza bapa kwa wiki moja. Usizipashe kwa pasi. Nimeona mtu akifanya hivyo, na ngozi ya plastiki ilitoka mapovu mbele ya macho yetu.

Hatua ya 9: Andika ukurasa wake

Kila seti ina ukurasa wake kwenye daftari langu la mistari: jina la seti na la msanii, mchapishaji, mwaka, namba ya nakala na jumla, mahali sahihi ilipo, vilivyomo ndani ya boksi kimoja kimoja, nilinunua kwa nani, siku gani, kwa kiasi gani, na nani aliibeba. Pembeni nabandika risiti. Chini naandika kasoro zote, hata ile ya kona ya Saba ya Vikombe ambayo bila kioo huioni. Nikiiuza, nakata ukurasa huo kwa wembe na kuuweka juu ya kijitabu, nao unaondoka na seti.